Wakfu wa Shuttleworth na Ndege za Kale za Old Warden

Katika mwaka 1944, hali vita vikuu vya pili havijatuama bado, Bibi Dorothy Clotilda Shuttleworth, mjane asiyebakiwa na mwana, aliweka wakfu mali ya ukoo wa mumewe iliyoko Old Warden, jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, iwe ya kufundishia elimu ya ndege na ya kilimo kwa kumkumbuka mwanawe wa pekee, Richard Ormonde Shuttleworth, aliyefariki tarehe 2 Agosti 1940, akiwa na umri wa miaka 31, ndege ya jeshi aliyokuwa akiiongoza usiku katika mazoezi ilipoanguka. Wakfu huo ulitimiza miaka 80 mwaka 2024, na maadamu si kila shauku ya tajiri hudumu baada ya mauti yake, yafaa kueleza jinsi hii ilivyodumu.

Ukoo huo ulitajirika kwa injini za mvuke za mashambani, zilizotengenezwa na kampuni ya Clayton & Shuttleworth katika mji wa Lincoln. Richard alifiwa na baba akingali mdogo, na alipokabidhiwa urithi wake mwaka 1932 alinunua eropleni ndogo aina ya De Havilland Moth, ambayo hata leo ipo pale pale Old Warden; mwaka uliofuata akaruka hadi India kushindana katika mbio za ndege mjini Delhi; na mwaka 1935 akashinda mbio kubwa za magari za Donington. Angehesabiwa miongoni mwa vijana wa kitajiri wasio na shughuli ila kukimbiza vyombo, na pengine alikuwa mmoja wao, lau si tabia yake ya kukitamani chombo kikuukuu kilichotupwa kuliko kipya kinachong'aa.

Mwaka huo huo wa 1935 alipata Blériot iliyoundwa mwaka 1909, yaani mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, na ndio mwaka ambao Louis Blériot, kwa chombo cha umbo hilo hilo, aliuvuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Eropleni hiyo ilikuwa imeanguka mwaka 1912, ikalazwa chini ya daraja la reli la Blackfriars mjini London, hata akaitwaa bwana mmoja aitwaye Grimmer, aliyeifufua na hatimaye akamwachia Richard. Mwaka 1938 ikafuata Blackburn ya mwaka 1912, ambayo vita viliikatiza matengenezo yake, ikaruka mwaka 1949 bila ya mwenyewe kuiona. Nayo ndiyo ndege kongwe kuliko zote zilizoundwa Uingereza na ambazo zingali zinaruka.

Injini ya Blackburn ni ya ajabu kwa mtu wa leo, kwani silinda zake huzunguka pamoja na panga la mbele, zikitapika mafuta ya mbarika hata kumrudia rubani usoni, naye hupunguza nguvu zake kwa kuikatia moto na kuurudisha, kukata na kurudisha, mpaka atue. Ujuzi huo hausomwi vitabuni ukatosha. Hurithishwa mkono kwa mkono, na chombo kikikaa miaka bila kuruka, hufa pamoja na wale waliokijua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna hisa yetu katika hazina hiyo ya ndege za Old Warden. Ndege nyekundu aina ya Comet iliyopewa jina la Grosvenor House, iliyoshinda mashindano ya mwaka 1934 kutoka Mildenhall hadi Melbourne kwa muda usiotimia saa 71, iliongozwa na C. W. A. Scott pamoja na Tom Campbell Black, na huyu wa pili ndiye aliyekuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Bibi Florence Kerr Wilson mjini Nairobi mwaka 1929, ambaye jina lake lingali katika kiwanja cha Wilson. Comet ilifika Old Warden mwaka 1965, ikangoja hadi 1987 kuruka tena. Mwaka 2002 magurudumu yake yakasalimu amri ilipotua, na hadi 2014 haikurudi angani.

Wapo wasemao kwamba kurusha vyombo adimu namna hii ni kuvihatarisha, na ajali ya Comet ni hoja yao. Hoja hiyo ina uzito, walakini mimi siifuati, kwa kuwa ndege iliyofungiwa ndani ya kioo huonyesha umbo tu, haionyeshi kazi. Na Richard mwenyewe hakukusanya masanamu.

Maonyesho ya ndege hizo hufanywa Old Warden zaidi wakati wa kiangazi, juu ya kiwanja cha nyasi. Ndege zilizo kongwe kabisa huachwa mwisho, jioni, upepo ukitulia, na usipotulia hazitolewi. Blériot yenyewe haipigi kona, huruka kidogo tu kwa mstari ulionyoka kisha ikatua. Msomaji atakayejaaliwa kufika huko asiharakishe kuondoka kabla ya magharibi.