CD za Mtumba za Soko Mugdi

Mugdi kwa Kisomali ni giza. Ukitoka kwenye jua la saa saba la Garissa ukaingia vichochoro vya Soko Mugdi, macho huchukua muda kuzoea, kisha vitu vinaanza kujitokeza kimoja kimoja: vitambaa, masufuria, manukato, chaja za simu. Chini ya meza moja ya chaja, mwaka wa 2016, niliona katoni ya majani chai imejaa CD. Nilikuwa nimeenda kununua kava ya simu. Niliondoka na CD nne, na kava sikununua.

"Hizi ni ngapi, adeer?" nilimuuliza mwenye meza. Adeer ni ndugu ya baba, na kwetu mzee unayemwita hivyo hukurudishia jina lilo hilo.

"Hamsini hamsini, adeer. Lakini una mashine ya kuzicheza?"

Hapo alinishika. Laptop yangu haikuwa hata na tundu la CD. Nilienda kwa binamu yangu, nikakuta deki yake ya DVD imegeuka kuwa kigoda cha tivii. Tuliipangusa vumbi, tukaichomeka, na sauti ya kaban, ile gambusi yetu, ikajaa chumbani. Tangu siku hiyo ninanunua CD kuukuu. Leo ninazo mia mbili na kitu, kwenye ndoo tatu za rangi zenye vifuniko, maana Garissa vumbi halibishi hodi.

Usifikirie CD za kiwandani zenye picha ya msanii. Hizo ni chache. Nyingi zangu ziliuzwa zikiwa tupu, zikachomwa dukani, na juu yake mtu akaandika kwa kalamu ya wino mzito: jina la mwimbaji, pengine namba, pengine jina la mteja. Thamani yake kwangu iko kwenye mwandiko huo.

Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini Oktoba 1972, na katika hati hiyo herufi X ni ile "h" nzito ya kooni. Kwa hivyo nikikuta CD imeandikwa "Maxamed Suleymaan", ninajua aliyeandika alisomea Somalia. Nikikuta "Mohamed Suleiman", huyo ni wetu, amesomea Kiingereza na Kiswahili upande huu wa mpaka. Na nikikuta "Karami" mahali pa "Qaraami", walahi hiyo ni Garissa. Mwimbaji ni yule yule, wimbo ni ule ule, lakini mkono umekwambia CD imepita wapi.

Qaraami ni nyimbo za zamani za mapenzi, za kaban na kupiga makofi. Ukizitafuta asili yake utakutana na Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao. Alizaliwa Moshi mwaka wa 1924. Ndiyo, Moshi hiyo hiyo ya Kilimanjaro. Kwa hivyo mtu asikwambie muziki huu ni wa mbali.

Lakini wimbo wa kaban ulifikaje chini ya meza ya chaja Garissa? Hapo inabidi turudi kwenye kaseti.

Kampuni ya Philips iliionyesha kaseti kwa mara ya kwanza Berlin mwaka wa 1963. Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na kabla haujaisha serikali mpya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta viliisha 1967. Sheria za hatari hazikuisha. Zilidumu hadi 1991, karibu miaka 28. Wazee wetu walipovuka daraja la Tana kwenda Nairobi walisema, "Naenda Kenya." Watu hucheka wakisikia hivyo. Wao hawakuwa wanatania.

Sasa fikiria mtu anayeishi namna hiyo anataka nini. Gazeti linataka ujue kusoma. Redio ni ya serikali, ya huku au ya kule. Kaseti inaingia mfukoni, inavuka mpaka ndani ya mkoba wa sukari, na haihitaji mtu aliyesoma. Mwishoni mwa 1979 mshairi Gaarriye alianzisha mlolongo wa mashairi ya kujibizana juu ya ukabila na utawala wa Siad Barre. Hadraawi akajibu, na wengine wengi wakafuata. Mlolongo ule, uitwao Deelley, ulienea kwa kaseti, mkono kwa mkono. Hakuna aliyeuchapisha, lakini ulisikika kote.

Kaseti ilikuwa barua pia. Miaka ya sabini, Ghuba ilipopata fedha za mafuta, vijana walienda kufanya kazi huko. Mama asiyejua kuandika alishika kinasa sauti akazungumza: mvua, ngamia, nani ameoa, nani amefariki. Kijana akisikiliza alirekodi jibu juu ya kaseti ile ile, akairudisha na msafiri.

Kisha kukaja kuvunjika. Mwaka wa 1988 Hargeisa ilishambuliwa kwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe. Watu wa Radio Hargeisa walikuwa wameficha kanda zao, nyingine zikazikwa ardhini, nyingine zikavushwa nchi jirani. Mwaka wa 1991 serikali ya Mogadishu ilianguka, na watu wakaja kwetu kwa maelfu. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa kule Dadaab. Nairobi, nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge, mtaani Eastleigh, ikageuka soko. Wakimbizi walilala chumbani usiku na mchana chumba kikawa duka. Mwimbaji Maryam Mursal aliondoka Mogadishu na watoto wake, akapita Kenya na Ethiopia hadi Jibuti, na mwaka wa 1998 albamu yake, The Journey, ikatoka kwa CD huko Uingereza. Ninayo moja, ya kiwandani kabisa. Ndiyo pekee niliyolipia zaidi ya shilingi mia tano, na sijutii.

CD yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1982. Kwetu ilichelewa, na ilipokuja ilikuja tupu, kwa mirundo. Ukimpelekea mwenye duka kaseti ya dakika 60, anaunganisha redio yake na kompyuta, anabonyeza, anaenda zake kunywa chai ya maziwa ya ngamia. CD hubeba dakika 74 au 80, kwa hivyo pande zote mbili zinaenea na nafasi inabaki. Hakuna aliyekaa kusikiliza. Chochote kilichokuwa kwenye kaseti kiliingia: wimbo, mkwaruzo, adhana ya msikiti wa jirani, mtoto akilia. Hilo ukilikumbuka, utaelewa nitakachokuambia baadaye.

Na je, CD hizi zinafikaje sokoni? Nimeuliza sana, na majibu ni matatu. La kwanza, mtu amehiji. Amerudi, amesema nyimbo zitoke nyumbani, na familia haitaki kuzitupa jalalani, kwa hivyo zinapelekwa kwa adeer. Huyu simcheki. Dini yake ni yake, na angalau yeye hakuzivunja. Mogadishu, Aprili 2010, wapiganaji waliamuru redio ziache muziki, na stesheni kadhaa zikabaki na milio ya farasi na mawimbi ya bahari mahali pa nyimbo. Jibu la pili, mtu amepata makazi Marekani, mizigo ina kipimo, CD zinabaki. La tatu ni kifo.

Baada ya hapo ilikuja memori kadi. Unampa kijana shilingi mia, anakujazia nyimbo mia tano, unaenda. Nami nilijaziwa, sikatai. Lakini hebu fungua simu yako utazame: Track 01, Track 02, Audio 0037. Jina la mwimbaji limeanguka njiani. Mwandiko haupo. CD ni kituo cha mwisho ambapo mtu wetu alishika kalamu akaandika hiki ni nini na cha nani.

Nami nimewahi kulipoteza hilo kwa mikono yangu. Mwaka wa 2019 mgeni mmoja aliyekuwa akipita Garissa alisikia habari za ndoo zangu. Alinipa elfu sita kwa CD kumi na mbili. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba. Sikupiga picha hata moja, sikunakili hata jina. Leo ukiniuliza zilikuwa zimeandikwa nini, ninakumbuka mbili tu.

Sasa, ile CD.

Niliinunua mwaka jana, kwa adeer yule yule. Juu yake: "Karami B". Nyimbo sita, safi. Baada ya wa sita kuna mlio wa kitufe, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima. Anasalimia. Anamwita mwanawe, hamtaji jina, anasema tu "mwanangu". Anasema kaseti aliyoituma kutoka Jedda imefika na pesa imefika. Anasema ngamia wawili wamezaa. Anasema mabati yameezekwa, nyumba sasa ni nzuri, si kama tangu zilipochomwa. Halafu anasema, na hapa nilirudisha nyuma mara tatu: "Nisamehe nazungumza juu ya nyimbo zako. Zile unazozipenda nimeziacha." Mlio wa kitufe tena. Wimbo wa saba unaanza katikati ya ubeti.

Nyumba zilipochomwa. Garissa tuna mwaka ambao watu husema hivyo bila kuongeza kitu. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza Bulla Kartasi na watu wakakusanywa uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, siku kadhaa bila chakula. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu yake katika ripoti yake ya 2013. Nimeisoma sehemu hiyo. Lakini ripoti haikuwahi kuniambia kwamba baadaye mtu aliezeka mabati, akafurahi, akamwambia mwanawe aliye mbali.

Niliweka wimbo mmoja wa CD hiyo kwenye intaneti, sekunde arobaini. Siku ya tatu mnunuzi aliniandikia kutoka Ulaya. Anakusanya nyimbo za zamani za Kisomali, na alitaka CD yote kwa yuro 150. Sharti lilikuwa moja: nikate ile sehemu ya mazungumzo kwanza, inaharibu mtiririko.

Sitaki kuwachafua wanaofanya kazi hiyo. Mwaka wa 2017 Ostinato Records walitoa mkusanyiko uitwao Sweet as Broken Dates, uliochotwa sana kutoka hazina ya kaseti ya Hargeisa, zaidi ya 10,000, iliyotunzwa na Wasomali wenyewe. Uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, na wengi wa rika langu tulisikia bendi za Mogadishu za miaka ya sabini kwa mara ya kwanza kupitia hapo. Ni kazi njema. Lakini inachagua wimbo uliokamilika na sauti iliyo safi. Mama aliyezungumza juu ya wimbo hana nafasi kwenye santuri.

Yuro 150 ni pesa. Nilienda kwa adeer, si kuomba ushauri hasa, nilitaka tu kujua CD ilitoka nyumba gani. Hakukumbuka. Nikamuuliza, yule aliyeichoma miaka ile si angeikata hiyo sehemu, dakika nne nzima? Adeer aliniangalia kama mtu aliyekosa adabu.

"Nani angemkata mama wa mtu?"

Nilimwandikia mnunuzi kwamba CD haiuzwi. Sasa nina utaratibu. Kila CD ninaipiga picha mbele na nyuma kabla ya kuicheza. Ninaandika mwandiko ulivyo, hata ukiwa na makosa, hasa ukiwa na makosa. Ninanakili yote, na mikwaruzo yake. Faili ninalipa jina lililo kwenye CD, si Track 07. Kama una ndoo, sanduku au katoni ya mzazi wako pale South C au Eastleigh au Mombasa, anza leo, kabla hamjahama nyumba. Haigharimu kitu.

Mama yule bado namtafutia mwanawe. Mwezi uliopita nilimchezea ayeeyo, nyanya yangu, ambaye aliishi Garissa miaka hiyo yote. Nilidhani atatambua sauti. Alikaa kwenye mkeka, akakunja miguu, simu nikaiweka karibu na goti lake. Mwanamke wa kwenye CD akaanza, kama wanavyoanza watu wetu wote, kwa kuuliza kama ni amani.

"Waa nabad," ayeeyo akamjibu. Ni amani.

Hakumjua. Alimsikiliza hadi mwisho.