Ukakasi: istilahi ya waonjaji wa bia

Ukakasi ni hali ya kinywa kukauka na ulimi kuparuza baada ya kumeza, kama inavyomtokea mtu aliyeng'ata ndizi mbichi au bibo lisiloiva. Mwonjaji wa bia analihitaji neno hili kila siku, na Kiswahili kinalo tangu zamani. Hata hivyo mtu akinywa bia iliyomkaza fizi, aghalabu husema ni kali, au ni chungu, na hapo anachanganya mambo ambayo kinywa chenyewe kimeshayatenganisha.

Uchungu huonjwa na ulimi. Katika bia za kiwandani huletwa hasa na hopsi, maua machungu yanayochemshwa pamoja na bia. Uchachu ni kazi ya asidi. Ukakasi si ladha hasa, ni mguso. Tanini hushikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mashavu yanaanza kusuguana na meno. Ndiyo maana ukakasi hauji kwa pupa: funda la kwanza hupita salama, la tatu au la nne ndilo linalokaza.

Mahali pazuri pa kujifunzia tofauti hizi ni Mbulu. Wairaqw, wenyeji wa huko, pombe huiita buura, na ya mtama ina heshima yake ya pekee. Mwanaanthropolojia wa Norwei, Ole Bjørn Rekdal, alichapisha mwaka 1996 makala nzima kuhusu fedha, maziwa na pombe ya mtama katika jamii hiyo. Mtama huloweshwa mpaka uchipue, ukaanikwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Sasa, iko mitama, mingi yake ya rangi ya kahawia au nyekundu, yenye tabaka la tanini chini ya ganda. Kwelea huikwepa, mkulima akashukuru, lakini tanini hiyohiyo hudhoofisha vimeng'enya vya kimea na humfuata mnywaji hadi kwenye kata. Huko Kigezi, Uganda, watengenezaji waliipatia dawa kwa kuchanganya mtama uliolowa na majivu ya kuni kabla haujachipua. Naiona hiyo kuwa kemia ya hali ya juu, na inastahili kufundishwa.

Funda la pombe ya mtama wenye tanini, ikiwa bado na machicha, huanza na uchachu pembeni mwa ulimi, likafuata joto la nafaka, kisha ukakasi kwenye fizi. Anayeita yote hayo “ukali” amepoteza nusu ya alichokinywa.

Tuchukue sasa bia ya rai yenye viungo. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano ile iliyoenea Basotu, wilayani Hanang. Ikipikwa hutoa ute mwingi, hivyo bia yake huwa nzito na laini kinywani. Wajerumani huichachusha kwa hamira inayotoa harufu ya karafuu pasipo karafuu kutiwa. Mtengenezaji akitia karafuu yenyewe, mambo hubadilika: mafuta yake hutia ganzi, na kwa kuwa karafuu ina tanini, ikichemka mno huleta ukakasi. Aliyewahi kuisahau karafuu kwenye sufuria ya chai anaujua vizuri. Kwa hiyo harufu, ganzi na ukakasi viandikwe kila kimoja peke yake, hata kama vyote vimetoka kwenye kiungo kimoja.

Siku hizi husikika sana “kauli yenye ukakasi” bungeni na magazetini. Matumizi hayo ni mazuri, ila yasilitoe neno jikoni. Kinywani bado lina kazi: Wabarbaig wa Hanang wana pombe ya asali, na asali haina kumvi wala ganda la nafaka. Anayetoka kwenye buura akaonja hiyo atatambua mara moja kilichopungua kwenye fizi. Mwonjaji wa Katesh, hukohuko Hanang, akiletewa bia ya rai, basi, anaweza kuandika hivi: nzito, uchungu wa wastani, harufu ya karafuu mwanzoni, ganzi kidogo ncha ya ulimi, ukakasi unaoongezeka kuanzia funda la tatu.