Mwandishi wa New York Herald katika vita vya Tabora (1871)

Kisa cha Henry Morton Stanley huko Unyanyembe, eneo la Tabora, ni mfano wa mapema, katika Afrika Mashariki, wa gazeti lililoripoti vita huku mtu wake akipigana. Stanley aliagizwa na James Gordon Bennett mdogo, mwenye gazeti la New York Herald, amtafute David Livingstone. Alifika Tabora Juni 1871, akakuta njia ya Ujiji imefungwa: Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa na ugomvi na wafanyabiashara Waarabu juu ya hongo na biashara ya pembe za ndovu.

Angeweza kungoja, au kuzunguka kusini kama alivyofanya baadaye. Badala yake alijiunga na Waarabu. Mwezi Agosti watu wake, waliolipwa kwa fedha za gazeti, walifyatua bunduki chini ya bendera ya Marekani katika kuliteka boma la Zimbizo. Siku chache baadaye Mirambo aliwavizia washirika wao Waarabu, na jeshi likatawanyika. Stanley, akiwa na homa, aliondolewa juu ya punda. Tarehe 22 Agosti Tabora ilichomwa na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu hao, akauawa. Huko Kwihara, karibu na Tabora, Stanley alitoboa kuta za tembe lake ili kupenyeza mitutu ya bunduki, akasubiri shambulio ambalo halikuja.

Haya yote aliyasimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1872. Mjadala mkubwa uliozuka Uingereza mwaka huo ulihusu kama kweli alimwona Livingstone na kama barua alizoleta ni halali. Wanyamwezi waliouawa hawakuwa hoja. Mwaka 1876 alikutana na Mirambo, wakachanjiana, na aliyeitwa jambazi akaanza kusifiwa na mwandishi yule yule.

Lawama zilikuja kwa sababu ya Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria alichokishambulia Agosti 1875 kulipiza kisasi, safari hiyo akigharimiwa na Herald pamoja na Daily Telegraph la London. Taarifa zake zilipochapishwa, vyama vya kutetea wenyeji vililalamika, na serikali ya Uingereza ikakana kwamba alikuwa na ruhusa ya kutumia bendera ya nchi hiyo. Hasira hiyo ilimlenga Stanley. Wenye magazeti hawakuguswa.

Karne moja baadaye sheria iliwagusa wote wawili, mwandishi na mwenye chombo. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya 1977, kifungu cha 79, inamhesabu mwandishi vitani kuwa raia maadamu hafanyi jambo lililo kinyume na hadhi hiyo. Nao wenye vyombo vya habari walifikishwa mahakamani Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyowatia hatiani mwaka 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo vyao hadi miaka 30, 32 na 35.