Kushusha gari (Nakivubo, Kampala)

Kushusha gari ni kubadilisha saspensheni ili bodi ikae karibu zaidi na barabara kuliko ilivyokusudiwa kiwandani. Hufanywa kwa kukata springi, kufunga springi fupi, au kubadilisha springi na shokapu kwa pamoja. Jijini Kampala kazi hii inahusishwa na Nakivubo, bonde lenye soko maarufu la spea la Kisekka na mafundi wanaolizunguka. Magari yanayoshushwa ni ya mitumba ya Kijapani, hasa Subaru Impreza na Legacy pamoja na Toyota za saluni. Kinachoamua kama gari lililoshushwa litadumu ni mwendo uliobaki kwa gurudumu kupanda kabla chuma hakijagonga chuma. Wateja wengi hawaulizi habari za mwendo huo, na urefu wa bampa kutoka chini hausemi lolote kuuhusu.

Eneo

Nakivubo iko chini ya vilima vya Nakasero, Old Kampala na Mengo. Humo mna Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita wa Nakivubo, uliojengwa upya na mfanyabiashara Hamis Kiggundu. Karibu yake ziko stendi kuu za taksi na soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Soko la Kisekka lilipewa jina la Dk. Samson Kisekka, Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991, kisha Makamu wa Rais hadi 1994. Wachuuzi wake waliunda kampuni yao wenyewe ili wapate ardhi na kujenga soko la ghorofa badala ya vibanda, na mvutano juu ya mradi huo ulichukua miaka mingi.

Spea nyingi za hapa ni mitumba kutoka Japani. Hupakuliwa bandari ya Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Uganda, kama Japani, huendesha upande wa kushoto, hivyo gari la Tokyo huingia Kampala bila kuguswa usukani. Saspensheni nayo huja vilevile, ikiwa imepangwa kwa lami laini ya huko.

Bondeni unapita mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya mvua na taka ya sehemu kubwa ya katikati ya jiji hadi Ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji yote huelekea hapa.

Asili ya mtindo

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko huko Los Angeles walikuwa wakijaza buti mifuko ya mchanga au kukata springi ili magari yatambae chini. Jimbo la California lilijibu kwa sheria iliyoanza 1958, ikikataza gari ambalo sehemu yake yoyote ya bodi imeshuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga pampu za haidroliki kwenye Chevrolet Corvette yake, akaweza kuishusha na kuiinua apendavyo. Katazo hilo la California liliondolewa mwanzoni mwa 2024. Japani nayo ilikuza mtindo wake, na baadhi ya magari ya mitumba hufika Afrika Mashariki yakiwa yameshushwa tayari na wamiliki wa kwanza.

Wapenzi wa mbio hutoa hoja nyingine: gari fupi lina kitovu cha uzito kilicho chini, hivyo hushika kona vizuri zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli kwenye lami. Mashindano yaliyoijenga sifa ya Subaru katika ukanda huu yalikwenda kinyume. Safari Rally, iliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilidai magari yaliyoinuliwa, yenye springi ndefu na bamba la chuma chini ya injini. Kijana anayeshusha Impreza yake kwa kupenda rali anaiondolea sifa ile ile iliyoipa ushindi.

Njia zinazotumika

Kukata springi ndiyo njia ya bei nafuu na ndiyo yenye madhara mengi. Fundi hufungua mguu wa mbele (springi na shokapu yake), hubana springi kwa ndoano mbili za skrubu, hulegeza nati ya juu, kisha hukata duara moja au moja na nusu kwa grainda. Springi ikifupishwa huwa ngumu zaidi, kwa sababu ugumu wa koili huongezeka kadiri idadi ya maduara yanayofanya kazi inavyopungua. Springi yenye maduara 6 ikikatwa moja, ugumu hupanda kwa asilimia 20. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ncha. Springi nyingi za kiwandani huishia na ncha iliyosawazishwa ili ikae sawasawa kwenye kikalio chake. Iliyokatwa huacha ncha ya mshazari, yenye makali, inayokwaruza kikalio na kupiga kelele usukani unapozungushwa. Gari likiinuliwa kwa jeki na mguu ukaning'inia, springi iliyokatwa hulegea kabisa kwenye nafasi yake. Likishushwa inaweza kukaa upande. Hilo likitokea barabarani, gurudumu moja linaporuka juu ya tuta, springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio dereva akiwa katika mwendo.

Wapo pia wanaopasha springi moto kwa mtungi wa gesi hadi ilegee na kuketi. Chuma cha springi hupewa nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani, na moto wa gereji huiondoa nguvu hiyo. Springi huendelea kushuka mwezi hadi mwezi, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Njia hii haipaswi kufanywa na fundi yeyote.

Springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo ni salama zaidi. Ncha zake ni sahihi, nazo huwa ngumu kiasi kuliko za asili. Seti zenye uzi wa kurekebisha, zinazoitwa koilova, ndizo bora. Baadhi yake huruhusu mguu wenyewe kufupishwa kutoka chini, na hivyo mwendo wa shokapu hauliwi. Seti za mitumba huuzwa bila dhamana, na fundi makini huisukuma kila shokapu kwa mkono ili aone kama inarudi taratibu na kama mafuta yamevuja kwenye sili.

Vipo pia vibofu vya hewa vinavyochukua nafasi ya springi. Toyota HiAce, ambayo mbele hutumia fimbo za chuma zinazosokotwa badala ya koili, hushushwa kwa kulegeza bolti mbili.

Mwendo wa gurudumu

Chukua gari lenye milimita 80 za gurudumu kupanda hadi kwenye mpira wa kizuizi. Likishushwa milimita 40 kwa springi fupi, zinabaki 40. Kishindo cha shimo hakijapungua, ila sasa lazima kimezwe ndani ya nusu ya njia. Nishati inayohifadhiwa na springi hukua kwa mraba wa mkandamizo wake. Kwa hiyo nusu ya mwendo ingehitaji springi ngumu takriban mara nne ili kuzuia kishindo kile kile. Springi za kushushia magari ya barabarani hazikaribii kiwango hicho, na nyingi huongeza chini ya nusu ya ugumu wa awali. Kinachobaki hupokelewa na mpira wa kizuizi, kisha na bodi. Ndiyo maana gari lililoshushwa hupasua bushi za juu ya shokapu na kuvujisha sili mapema. Rimu hupinda kwenye shimo ambalo gari la kawaida lingelipita. Mwenye gari hulaumu barabara, na barabara ina makosa yake, lakini milimita zile 40 alizilipia mwenyewe.

Shokapu za asili nazo zilipimwa kwa springi laini. Zikifungiwa springi ngumu hushindwa kuituliza, na gari huendelea kudunda mara mbili tatu baada ya tuta. Wakati huo tairi halishiki barabara vizuri, na breki ikikanyagwa gari huchelewa kusimama.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza. Kwenye saspensheni ya mguu mmoja, inayotumiwa mbele na Impreza na Toyota nyingi ndogo, mkono wa chini huelekea kulala au kushuka kidogo kuelekea gurudumu. Gari likishushwa sana, mkono huo hupanda kuelekea gurudumu. Nukta ambayo bodi hulalia kwenye kona hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, na gari huweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala kabla. Aliyelipa ili apate ushikaji anaweza kurudi nyumbani na gari linaloyumba zaidi.

Pembe za magurudumu na sehemu za chini

Kushusha huinamisha magurudumu kwa ndani upande wa juu na kubadilisha mwelekeo wake wa mbele. Tairi huliwa upande wa ndani, ambako dereva haoni. Tairi linaweza kuonekana zima kwa nje huku ndani waya zimeshatokeza. Alaimenti ifanywe baada ya kushusha na irudiwe springi zikishaketi. Pasipo bolti za kurekebisha pembe, mashine ya alaimenti itaonyesha kosa lakini haitaliondoa. Tairodi nazo hubadilika mlalo, hivyo usukani huvuta kila gurudumu linapopanda. Taa za mbele nazo zielekezwe upya, hasa pale gari linaposhuka mbele na nyuma kwa viwango tofauti.

Subaru huumia zaidi. Injini yake imelala, na mabomba ya eksozi hupita chini yake, kwa hiyo ndiyo hugusa tuta kwanza. Nafuu pekee ni kwamba kishindo hicho husikika. Shafti zake nne hufanya kazi katika pembe mpya, na mpira wa kukinga jointi ukichanika, vumbi jekundu la murramu huingia kwenye grisi na kuimaliza jointi.

Barabara na mafuriko

Magari madogo ya Kijapani kwa kawaida hutoka kiwandani na nafasi ya milimita 130 hadi 170 chini yake. Tuta la kawaida la mviringo lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 75 hadi 100. Gari lenye milimita 150, likishushwa 40 na kupakia watu watano, lina hatari ya kukwaruza likilivuka, achilia mbali matuta yaliyojengwa bila kipimo. Anayerudi kutoka kijijini na mikungu ya matooke kwenye buti huliona hilo kabla hajafika mjini.

Hali ya mashimo ilipata umaarufu Aprili 2023, pale mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipowaita wakazi waonyeshe picha za mashimo ya Kampala mtandaoni. Mwitikio ulikuwa mkubwa, na Rais Yoweri Museveni aliagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa ajili ya kuziba mashimo ya jiji.

Mashimo yakijaa maji, madhara huongezeka. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, barabara za bondeni hufunikwa na dereva haoni kingo wala shimo. Kwenye gari lililoshushwa mdomo wa kuvutia hewa ya injini nao umeshuka. Silinda ikimeza maji, ambayo hayabanwi kama hewa, fimbo ya pistoni hupinda na injini huzimika papo hapo. Dereva asijaribu kuiwasha tena.

Kuinua

Afrika Mashariki wapo pia wanaoinua. Spesa ya mpira au aluminiamu hufungwa juu ya mguu, na gari hupata sentimita mbili hadi tano. Mwendo wa kupanda haupungui, ila shafti hulazwa kwa pembe kali na kitovu cha uzito hupanda. Kwa barabara zilizopo ni chaguo la busara kuliko kushusha, mradi spesa isizidi kiasi na alaimenti ifuatie.

Baadhi ya Subaru Forester huonekana kama zimeshushwa nyuma ilhali hazikuguswa. Zilikuja na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe kulingana na mzigo, zikishirikiana na springi laini. Zikichakaa, mkia hulala. Fundi anayefunga shokapu za kawaida bila kubadilisha springi hizo laini humrudishia mteja gari lililolala vilevile, na pesa zake zimekwenda. Swali la kwanza la fundi stadi ni upi kati ya mifumo miwili uko kwenye gari.

Sheria na hali ya sasa

Magari ya Uganda husimamiwa na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998. Ukaguzi wa lazima uliokabidhiwa kampuni ya SGS katika muongo wa 2010 ulisimama baada ya kupingwa bungeni. Marekebisho ya sheria ya 2018 yalikataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Impreza za 2000 hadi 2007 na Legacy za 2003 hadi 2009, ambazo ndizo zilizopendwa na washushaji, haziwezi tena kuletwa nchini, na zilizopo hutegemea spea za mitumba kama zinazouzwa Kisekka.