Kompyuta ya kiganjani inapogoma kuwaka kupitia mtandao

KOMPYUTA ya kiganjani inayogoma kuwaka huweza kumpotosha mmiliki wake kwa neno lake la mwisho. Mfano mzuri ni iPAQ H3600, iliyotolewa na kampuni ya Compaq ya Marekani mwaka 2000, inapoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Kifaa huanza vizuri, mistari ya maandishi ikapita, kisha kikasimama kikilalamika kwamba kimeshindwa kusoma flopi. Kifaa hicho hakina, wala hakijapata kuwa na, mahali pa kuingizia flopi.

Maelezo ya kioja hicho yamo katika namna kinavyowashwa. iPAQ ilikuwa na kumbukumbu ya RAM ya megabaiti 32 na ya flashi megabaiti 16 tu. Wataalamu walioihamishia Linux, wakiwamo wale wa maabara ya utafiti ya Compaq iliyokuwa Cambridge, Massachusetts, walihitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Njia mojawapo ni kuiacha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoamka kwanza, ndani ya kifaa, huku mafaili mengine yote yakikaa kwenye diski ya kompyuta ya mezani na kusomwa kwa NFS, teknolojia iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984.

Kerneli ikiyakosa mafaili hayo mtandaoni, hufuata agizo la kale lililobaki tangu enzi za kompyuta za mezani: jaribu flopi. Ikiikosa nayo, husimama na kuandika namba 02:00, au (2,0) katika matoleo ya baadaye, ambayo ni namba ya kiendesha flopi cha kwanza. Kwa hiyo mstari wa mwisho hausemi lolote kuhusu chanzo cha hitilafu. Chanzo kimeandikwa mistari kadhaa juu yake.

Anayeamini kwamba kifaa kimeharibika hukimbilia kuandika upya kumbukumbu ya flashi, na hapo ndipo hasara ya kweli inapotokea. Katika iPAQ, programu ya kuwashia hukaa kwenye flashi hiyohiyo. Umeme ukikatika wakati inaandikwa upya, kifaa hakiwezi tena kuamka chenyewe, bali hulazimika kufunguliwa na kuandikwa kwa vyombo maalumu. Yote hayo huenda yakafanyika kwa sababu ya mstari mmoja uliokosewa kwenye seva.

Hatua ya kwanza, basi, ni kusoma. Waya wa siriali huunganishwa na kompyuta ya mezani kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na ujumbe wote huhifadhiwa kwenye faili. Ikiwa kerneli imetangaza kwamba imejifungua kutoka kwenye faili lake lililobanwa kisha kimya kikatawala, si lazima iwe imekufa. Mara nyingi huwa inazungumza pasipo na msikilizaji. Kwa iPAQ, agizo la “console=ttySA0,115200” huirudisha sauti hiyo kwenye waya.

Ujumbe ukisema hakuna kifaa cha mtandao, kosa limo katika ujenzi wa kerneli. Programu inayoendesha kifaa cha mtandao imewekwa kama moduli ya kupakiwa baadaye, na moduli hizo ziko kwenye diski ambayo haiwezi kufikiwa bila mtandao. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Dawa ni kuijenga ndani ya kerneli yenyewe.

Wanaotumia waya wa USB wana taabu yao. Kompyuta ya mezani huiona iPAQ kama kadi ya mtandao pale tu kerneli inapoamka, na ni wakati huohuo inapopaswa kujipa anwani upande wake. Ikichelewa, kifaa huita na hakuna wa kuitika. Kipimo rahisi ni kukipigia kifaa kwa amri ya “ping” kingali kinahangaika: kikijibu, waya na anwani ni vizima, na lawama huhamia kwa seva.

Kwenye seva ndiko makosa mengi yalikojificha. Folda iliyotajwa katika “nfsroot=” lazima iwemo katika faili la “/etc/exports”, kwa anwani sahihi na kwa ruhusa ya “no_root_squash”. Ukuta wa kinga nao huwaponza wengi: hufungua milango 111 na 2049 wakaridhika, ilhali huduma ya tatu, “mountd”, huweza kubadili mlango kila inapowashwa isipopangiwa mmoja wa kudumu. Aidha, kerneli za zamani huomba NFS toleo la 2 kwa njia ya UDP, ambayo seva nyingi za sasa hazipokei bila kuamriwa. Kuongeza “v3,tcp” mwishoni mwa agizo la “nfsroot” hutatua jambo hilo, ikiwa kerneli ilijengwa na uwezo huo.

Malalamiko kwamba “init” haikupatikana ni habari njema kwa kiasi fulani, kwani folda imekwishafikiwa. Huenda ni folda nyingine, au programu zilizomo ni za vichakato vya x86 badala ya ARM. Onyo kuhusu “console” huashiria kwamba mafaili yalifunguliwa na mtumiaji asiye na mamlaka ya “root”, hivyo “/dev/console” haikuundwa.

Hata baada ya hapo kifaa huweza kuganda dakika ileile mfumo unapomalizia kuwaka. Hapo mshukiwa ni hati ya kuwashia inayozima mtandao ili iupange upya, na hivyo kukata tawi ambalo mfumo wenyewe umelikalia. Kadi hiyo iondolewe katika hati hiyo, na kifaa kizuiwe kulala ili kuokoa betri kwa muda wote kinapotegemea mafaili ya mbali.