Mwaka Sabuni Ilipopeleka Watu Gerezani

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili magazeti na redio zetu hurejea kumkumbuka marehemu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, mwaka 1984, akiwa safarini kutoka Dodoma. Na aghlabu jambo la kwanza litajwalo katika sifa zake ni vita alivyoviongoza mwaka mmoja kabla ya mauti yake dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sifa hizo anazistahili. Lakini katika masimulizi hayo ya kila mwaka husahauliwa suali moja ambalo kwa rai yangu ndilo lenye mafunzo zaidi, nalo ni hili: walanguzi wale walitoka wapi, na baadaye, bila ya kumalizwa na jela, wakaenda wapi?

Yaliyotangulia yanajulikana na hayahitaji maneno mengi. Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, biashara ya jumla ikaingia mikononi mwa mashirika ya Serikali. Ukaja ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta ikapanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, kisha vita vya Kagera vikanyonya hazina iliyokuwa tayari imekauka. Mwalimu Nyerere akawataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka. Mwishoni mwa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu katika mzozo juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu hapo fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya kiangazi.

Namna uhaba ulivyozaa jinai imeelezwa vizuri na wanauchumi wetu wawili, T. L. Maliyamkono na M. S. D. Bagachwa, katika kitabu chao cha 1990 juu ya uchumi wa pili wa Tanzania, ambacho ndicho nilichokitegemea zaidi katika makala haya. Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, ilipanga bei za maelfu ya bidhaa, toka saruji hata vitu vya jikoni. Viwanda navyo, kwa kukosa malighafi na vipuri, vikawa vikizalisha chini ya nusu ya uwezo wao. Sabuni ya kipande ilipotoka kiwandani ilipita kwenye Kampuni ya Biashara ya Mkoa, yaani RTC, kisha duka la ushirika au duka la kaya, na katika kila mlango palikuwa na mtu mwenye madaraka ya kugawa, ambaye mshahara wake, ukipimwa kwa kile unachoweza kununua, ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu katika muda wa miaka kumi. Bei ya Serikali iliandikwa ukutani, na bei ya pili ilinong'onwa uani. Maadamu tofauti ya bei hizo mbili ilipita mshahara wa mwezi, ingekuwa ajabu kama karani yule asingeshawishika. Na mkulima wa Kilimanjaro, aliyelipwa shilingi zisizo na kitu cha kununua, hakuhitaji kufundishwa na mtu njia ya kupitisha kahawa na mahindi yake usiku kuelekea Holili au Tarakea. Waandishi hao walikadiria kwamba kufikia katikati ya miaka ya themanini uchumi huo wa pembeni ulikuwa karibu asilimia 30 ya pato la taifa lililohesabiwa rasmi.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wangali wakikumbuka foleni za alfajiri ambamo mawe na vikapu vilipangwa kushika nafasi za wenyewe, na unga wa manjano wa msaada, ambao watu kwa mzaha waliuita unga wa Yanga.

Hapo ndipo Sokoine, aliyerudi katika uwaziri mkuu Februari 1983, alipoanzisha msako. Mwishoni mwa Machi polisi, wanamgambo na makada wa Chama waliingia madukani, maghalani na vyumbani mwa watu, wakitafuta sukari, khanga, matairi, betri, dawa ya meno na fedha za kigeni. Hofu ilienea kwa kasi kiasi kwamba watu waliziogopa mali zao wenyewe: wengine walizifukia shambani, wengine wakazitelekeza usiku kando ya barabara, na pwani wako waliozitosa baharini, hata sabuni na redio zikakutwa zikielea. Waliokamatwa walizidi elfu moja, na ndani ya idadi hiyo walichanganyika mwizi wa maghala ya umma, tajiri aliyehodhi shehena, na mama aliyeweka akiba ya mifuko michache ya sukari kwa ajili ya arusi ya bintiye.

Sheria ilikuja nyuma ya msako. Bunge liliipitisha mwezi wa Aprili, kisha ikarudishwa nyuma ili iwahusu waliokwisha kukamatwa. Kesi zikapelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida, washitakiwa wakanyimwa mawakili, na rufani ikafungiwa mlango. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Issa Shivji miongoni mwao, waliuona msiba huo wa haki na wakausema, ilhali umma, uliokuwa umechoshwa na foleni, ulishangilia. Siwezi kuwalaumu walioshangilia. Mtu aliyekesha akingoja nusu kilo ya sukari, kisha akaiona gunia zima katika nyumba ya jirani, hana subira ya kusikiliza hoja za uwakili. Mwaka huo huo, kwa kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na vitambulisho vya kazi wakazolewa mitaani na kupelekwa vijijini, kana kwamba kukosa ajira nako ni kosa la mtu binafsi.

Bara kulikuwa na sura nyingine ya mambo. Katika Usukuma na Unyamwezi, ambako wizi wa ng'ombe ulizidi na silaha zilizotapakaa baada ya vita zikafika mikononi mwa majambazi, wananchi waliunda sungusungu toka 1981 na 1982, kwa filimbi, mishale na watemi wao, wakafanya kazi ambayo dola haikuiweza. Ukali wao pia ulikuwa na waathiriwa wake.

Na ulanguzi je? Juni 1984, miezi miwili baada ya kifo cha Sokoine, bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliruhusu mwenye fedha za kigeni aagize bidhaa bila ya kuulizwa alizipata wapi. Rais Mwinyi akaingia 1985, mkataba na Shirika la Fedha ukatiwa saini 1986, na madirisha ya Kariakoo yakajaa tena. Biashara ile ile, pengine ya watu wale wale, iliyokuwa jinai mwaka 1983, ikawa halali. Mwizi wa ghala alibaki mwizi, na ujambazi wa silaha haukwisha kwa kujaa maduka. Lakini mlanguzi wa sabuni alitoweka kwa sababu sabuni ilikuwapo.

Katika sifa za kila Aprili bajeti hiyo haitajwi, nami naona huko ni kumpunja marehemu, kwa kuwa uadilifu wake hautiwi doa na kukiri kwamba alipambana na matunda ilhali mti ulikuwa katika vitabu vya bei na hazina ya Taifa. Sheria ya 1983 nayo ilifutwa mwaka uliofuata na mahali pake ikawekwa Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, iliyozirudisha kesi hizo mahakamani na kuwarudishia washitakiwa mawakili. Sheria hiyo ingalipo hadi leo, na mwaka 2019 washitakiwa 467 wa makosa ya namna hiyo waliomba msamaha kwa kukubali kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107.