Makaburi Chini ya Nyasi za Gofu

Viwanja vya gofu vilivyojengwa juu ya makaburi ya kale vinajulikana zaidi Amerika Kaskazini. Sababu kubwa ya gofu kukutana na makaburi ni ardhi yenyewe. Gofu huhitaji eneo pana, lenye nyasi na miinuko midogo, lililo karibu na mji na lisilo na nyumba. Eneo la mazishi lililoachwa huwa na sifa hizo zote. Tena mchezo huu hauhitaji misingi mirefu: udongo wa juu husawazishwa, nyasi hupandwa, na waliozikwa hubaki walipo. Kinachotoweka ni alama za makaburi na majina.

Mfano wa wazi ni San Francisco, Marekani. Makaburi ya mji huo yalifunguliwa mwaka 1870 kwenye kilima kinachotazama bahari, na humo walizikwa mafukara, mabaharia, Wachina na wahamiaji wengine, zaidi ya watu 20,000. Mwaka 1909 eneo lilifanywa bustani iliyopewa jina la Lincoln, na uwanja wa gofu ukaenea juu yake. Ilidhaniwa kuwa maiti zimehamishwa. Mwaka 1993, jumba la makumbusho lililo kilimani hapo lilipokuwa likiimarishwa dhidi ya tetemeko la ardhi, mafundi walikuta mamia ya mifupa na majeneza. Mabaki ya jengo la mazishi la Wachina bado yamesimama katikati ya uwanja, na wachezaji hupiga mipira kandokando yake.

Mjini Tallahassee, Florida, walioachwa chini ya nyasi walikuwa watumwa wa shamba kubwa la zamani. Mwaka 2019 wataalamu walipima sehemu ya uwanja kwa rada inayopenya ardhini wakabaini dalili za makaburi yapatayo 40. Huko Newark, Ohio, klabu ya gofu ilikodi tangu mwaka 1910 eneo lenye kuta za udongo za duara na pembe nane, zilizojengwa yapata miaka 2,000 iliyopita kufuata mzunguko wa mwezi. Kuta hizo ni sehemu ya eneo pana la ibada lililokuwa pia na vilima vya mazishi. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua mwaka 2022 kwamba mkataba wa klabu wa kukodi unaweza kuvunjwa kwa fidia. Unesco iliorodhesha eneo hilo mwaka 2023, na klabu iliondoka mwishoni mwa mwaka 2024.

Mgogoro mkali kuliko yote ulizuka Oka, Kanada. Mwaka 1990 mji huo ulitaka kupanua uwanja wa mashimo 9 uwe wa mashimo 18, kwa kukata msitu wa misonobari uliopakana na makaburi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa Kanesatake. Wamohawk walifunga barabara. Polisi walipovamia kizuizi tarehe 11 Julai, askari mmoja aliuawa. Baadaye jeshi likaingia. Mvutano ulidumu siku 78, na upanuzi ukaachwa.

Viwanja vya aina hii huzaa hadithi za vivuli vinavyoonekana jioni na mikosi inayowafuata waliovunja makaburi. Wazo la laana ya makaburi ya wenyeji wa Amerika lilienezwa hasa na riwaya na filamu za kutisha za miaka ya 1970 na 1980. Madai ya wazawa wenyewe ni mengine kabisa: kuyafikia makaburi ya wazee wao, kuyatunza, na kushirikishwa katika kila uamuzi unaoyahusu.

Afrika Mashariki ilipokea gofu kutoka kwa Waingereza. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ya Kampala mwaka 1908 na ya Mombasa mwaka 1911. Lakini katika Tanzania huru, kilichokutana na makaburi mara nyingi ni barabara. Mwaka 1968 makaburi 660 ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa kupisha barabara mpya. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi. Sheria hiyo inaruhusu kuhamisha kaburi ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, baada ya kutoa taarifa. Fidia yake hulipia kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko ya kutuliza mizimu.

Kipengele hicho cha fidia kina uzito katika mkoa wa Singida. Kwa mfano, Misigiri, penye njia panda ya kwenda Kiomboi kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega, haina uwanja wa gofu. Ina barabara ya lami, na wilaya yake ya Iramba inapitiwa na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Katika vijiji vya ukanda huu wafu wengi huzikwa karibu na makazi ya ukoo. Kwa hiyo wathamini huhesabu makaburi pamoja na nyumba na mazao, na familia huhamisha wapendwa wao kwa taratibu za dini au mila.

Utaratibu huo hutegemea ndugu wa kulionyesha kaburi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi kutoka kwenye mahame yao kwenda vijiji vya pamoja, na makaburi yakabaki mashambani bila jiwe wala rejesta, yakitambulika kwa mti, rundo la mawe na kumbukumbu za wazee. Kwa makaburi ya namna hiyo, kuwauliza wazee wa koo kabla ya upimaji ndiyo njia ya kuepuka yaliyotokea San Francisco na Tallahassee.